Yah: SAM (mfumo wa Marekani wa kusajili waombaji wa ruzuku) wamekataa kituo chetu cha Moshi. Tubadilishe cheti au TIN?

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Wapendwa, habari za siku. Kituo chetu cha ufundi Moshi kinaomba ruzuku ya Marekani na dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Maombi ya UEI, namba ya utambulisho wanayoitoa SAM, yamerudi: jina na anwani havijathibitika. Cheti cha Msajili wa NGO kina jina refu, TIN ina jina la mkato, benki nao wana lao. Ofisi moja huko nyumbani wamenijibu tulete "barua". Barua ya nani, hawakusema. Tuanze kurekebisha cheti au TIN?

Kutoka: Mzee wa Houston

Mwanangu, anzeni na DUNS, ile namba ya kutambulisha shirika, ni bure. Mkishaipata hayo mengine yatajipa. Na chama chenu hapo Minnesota si kina EIN? Pitishieni hapo hapo.

Kutoka: Mhasibu, Arusha

Shikamoo mzee. DUNS iliondolewa tarehe 4 Aprili 2022, tusiwarudishe watu huko. Na EIN ni namba ya kodi tu, haimaanishi chama kina 501(c)(3), yaani hadhi ya asasi ya hisani isiyotozwa kodi. Hiyo inaombwa kwa fomu 1023, au 1023-EZ kama mapato hayazidi dola 50,000 kwa mwaka. Wakiipata, kila mwaka wajaze fomu ya taarifa ya 990, hata ile fupi ya 990-N. Wakiacha miaka mitatu mfululizo, hadhi inafutika yenyewe.

Turudi Moshi. Kinachoangusha mashirika mengi ya huku ni S.L.P. SAM hawapokei sanduku la posta kama mahali ofisi ilipo. Wanataka karatasi yenye jina kamili la kisheria pamoja na namba ya nyumba, mtaa na kata, na karatasi zetu nyingi zimeishia kwenye S.L.P. Chukueni anwani ya makazi, ile ya kibao cha mtaa na namba ya mlangoni yenye postikodi inayoanzia 25 kwa Kilimanjaro, kisha mwombe benki waiweke kwenye taarifa ya akaunti. Karatasi ya Kiswahili iende na tafsiri iliyothibitishwa.

NCAGE, ile namba ya utambulisho ya NATO, siku hizi haidaiwi kwa shirika la nje ya Marekani lisiloomba fedha za wizara yao ya ulinzi. Ila kila kitu kiandikwe sawasawa herufi kwa herufi. Kama huku ni "Rd" na kule ni "Road", mtarudishwa. Usajili wote huo ni bure. Anayewaandikia barua pepe akidai dola mia kadhaa "kuharakisha" ni dalali.

Kutoka: Kaka wa Reading

Mhasibu umesahau jambo moja. Kama fedha inapitia shirika kubwa na kituo ni mshirika wa chini, hawahitaji usajili kamili wa SAM. UEI peke yake inatosha. Dada, soma tangazo la ruzuku kwanza.

Halafu angalieni ngazi ya cheti. Shirika lililosajiliwa ngazi ya wilaya halafu andiko linataja Moshi, Arusha na Babati, mfadhili makini atalitupa ukurasa wa kwanza.

Kutoka: Mhasibu, Arusha

Sikusahau kaka, sijafika huko. Ila ni kweli.

Sasa bajeti, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Mshahara uandikwe ghafi. Fundi wa laki nane anamgharimu mwajiri 884,000: ongeza NSSF asilimia 10 na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) asilimia 0.5. Wafanyakazi wakifika kumi, SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo inaingia. Ukiandika ile anayopokea mkononi, mradi utaanza na deni.

Gharama za uendeshaji: kwa ruzuku za serikali ya Marekani, shirika lisilo na kiwango kilichokubaliwa nao linaruhusiwa hadi asilimia 15, kutoka 10, tangu 1 Oktoba 2024. Lakini si asilimia 15 ya kila kitu. Bajeti ya dola 40,000 yenye mashine ya 12,000 ndani yake, unatoa mashine kwanza, unapiga hesabu kwenye 28,000, unapata 4,200. Wengi huandika 6,000 halafu wanashangaa kukatwa.

Kutoka: Mzee wa Houston

Haya, nimewasikia. Lakini ruzuku zenyewe ziko wapi? USAID imekwenda, tangu 1 Julai 2025 yaliyobaki yako Wizara ya Mambo ya Nje yao. Tungekuwa na uraia pacha tungejenga vituo wenyewe bila kupiga magoti kwa mtu. Desemba hii nikifika Kibosho nitawaambia wabunge uso kwa uso, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mkononi.

Kutoka: Kaka wa Reading

Mzee, uniwekee kisusio, ile supu yetu ya Kichagga. Huku mvua na viazi tu.

Kutoka: Mhasibu, Arusha

Uraia pacha tufungulieni mada yake jamani.

Dada, kabla hujabonyeza kutuma, ingia kwenye mfumo wa Msajili uone kama ada ya mwaka na taarifa ya mwaka vimeingia, kwa sababu mfadhili ataomba uthibitisho. Hesabu zikaguliwe na mkaguzi aliyesajiliwa NBAA, bodi ya wahasibu, siyo yule kijana wa stesheneri mwenye mhuri. Watia saini wa benki wasiwe mtu na mkewe. Mkipata, mkataba unaozidi shilingi milioni 20 unapelekwa kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Siku hizo zinahesabiwa kuanzia saini, hata kama fedha haijaingia.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Asanteni sana wote. Kwa hiyo cheti au TIN?

Kutoka: Mzee wa Houston

Kaka wa Reading, kisusio cha mbuzi au cha ng'ombe?