Tupeane uzoefu: Kamera za taa nyekundu Marekani, zimekulinda au zimekukamua?

Mwanalindi (Chicago)

Wakuu, habari za majukumu.

Naomba tupeane uzoefu juu ya hizi kamera zinazopiga picha magari kwenye taa. Naanza mimi ili asije mtu akaona aibu kusema ya kwake.

Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, upande wa kusini wa jiji. Natoka saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Kuna kona moja naikata kulia kila siku. Sheria hapa inaruhusu kukata kulia hata taa ikiwa nyekundu, ila lazima gari lisimame kabisa kwanza, matairi yatulie. Mimi nilikuwa napunguza mwendo, natazama kushoto, naona hakuna mtu, nakata. Barua ya kwanza ikaja baada ya wiki mbili na siku kadhaa: dola 100. Wiki hiyo hiyo ikaja ya pili, halafu ya tatu. Kona ile ile, saa ile ile, siku tofauti. Yaani nilipofanya kosa la pili na la tatu, hakuna aliyekuwa ameniambia kuhusu lile la kwanza. Askari angenisimamisha siku ile ya kwanza, hata bila faini, nisingerudia.

Kosa silikatai. Video niliifungua, gari ni langu na halikusimama. Kinachonikaa rohoni ni swali la nani anafaidika nikikosea. Kamera hizi zilianza hapa 2003, chini ya kampuni ya Redflex yenye asili ya Australia, na zikafika 384, mradi mkubwa kuliko wa jiji lolote Marekani. Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune likafukua kwamba ofisa wa jiji aliyesimamia mradi, John Bills, alikuwa na uhusiano mchafu na kampuni. Kesi ikaja kuonyesha hongo za fedha taslimu, safari, hadi nyumba Arizona. Bills alihukumiwa miaka 10 mwaka 2016, na aliyekuwa mkuu wa Redflex Marekani, Karen Finley, miezi 30. Jiji lilikuwa limeshaachana na kampuni hiyo, likampa kazi mkandarasi mwingine, na kamera zikaendelea.

Sasa mtu kama mimi niliyelipa dola 300 kwa kona moja, nitajuaje kwamba kamera ile iliwekwa pale kwa sababu watu walikuwa wanagongwa, na si kwa sababu kona ile inalipa?

Leteni yenu. Aliyepigwa picha, aliyepinga, aliyeokolewa, wote karibuni.

Dereva Mstaafu (Houston)

Mdogo wangu Mwanalindi, pole. Nimeendesha teksi Houston miaka 19, na hili nina la kusema ambalo sijawahi kuliandika popote.

Mwezi wa 11 mwaka 2010 jiji letu lilipiga kura: kamera zibaki au ziondoke. Zilikuwa 70. Mimi nilikuwa nimeshapata uraia, nikaenda kupiga kura, nikachagua ziondoke. Nilikuwa nimelipa dola 75 mara mbili na nilikuwa na hasira. Tukashinda. Kampuni ikaenda mahakamani kudai mkataba wake, kamera zikawashwa tena 2011, zikazimwa tena mwezi mmoja tu baadaye, na mwisho jiji likakubali kuilipa kampuni dola milioni 4.8 ili yaishe. Hilo peke yake litazameni vizuri: wananchi wamesema hapana, na bado wanamlipa mkandarasi.

Mwaka 2013 mke wangu alikuwa anatoka kanisani. Taa yake kijani. Kijana mwenye pikapu akapita na nyekundu, akamgonga mlango wa kushoto. Nyonga ilivunjika mahali pawili. Wiki saba kitandani, na hadi leo ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Makutano yale yaliwahi kuwa na kamera.

Sisemi kamera ingemzuia yule kijana. Huenda asingejali. Lakini nikipita pale naikumbuka kura yangu. Mwaka 2019 gavana Greg Abbott alipotia saini sheria ya kuzipiga marufuku Texas nzima, vijana kijiweni walishangilia. Mimi niliondoka nikaenda kukaa kwenye gari.

Mwanalindi

Mzee wangu, pole sana, na shemeji namtakia nafuu. Asante kwa kuliweka hapa.

Wa Kisii (Minnesota)

Hamjambo nyote. Mimi ni Mkenya, niko huku tangu 2004. Yangu ni juu ya gari la watu wengi.

Mnajua tunavyoanza maisha. Tulikuwa wanne nyumba moja, gari moja, jina langu kwenye usajili. Mwaka 2006 kamera za Minneapolis zilipiga picha gari usiku wa Jumamosi. Mimi nilikuwa kazini, binamu yangu ndiye alikuwa anaendesha. Barua inakuja kwa mwenye gari, na wewe ndiwe wa kuthibitisha kwamba hukuwa wewe, yaani umtaje mwenzako. Binamu wakati huo alikuwa anangoja majibu ya makaratasi yake ya ukimbizi. Neno mahakama likitajwa, chakula hakiteremki. Ningemtaja vipi? Nikalipa kimya kimya. Nilimwambia miaka mingi baadaye, akanilaumu kwa kumficha.

Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba utaratibu ule unapingana na sheria ya jimbo, kwa sababu ulimbebesha mwenye gari mzigo wa kujitoa hatiani. Kamera zikafa karibu miaka 18. Sheria ya 2024 imezirudisha kwa majaribio Minneapolis na Mendota Heights, lakini tofauti kabisa: kosa la kwanza ni onyo, la pili dola 40. Hiyo naweza kuishi nayo. Onyo ndilo Mwanalindi alilonyimwa.

Fundi Taa

Nimesomea uhandisi wa barabara, niko Oregon. Nitaeleza kitu ambacho wengi wanakiruka: taa ya njano. Ugomvi mwingi wa kamera uko kwenye sekunde tatu au nne zile.

Muda wa njano hukokotolewa kwa fomula iliyochapishwa 1960 na Gazis, Herman na Maradudin. Inauliza: gari la mwendo fulani linahitaji muda gani ama kusimama salama ama kuingia makutano kabla ya nyekundu? Ukipunguza njano hata kidogo, waliokuwa halali jana wanakuwa wakosaji leo, bila kubadili chochote katika uendeshaji wao. Chicago mwaka 2014, baada ya kubadili mkandarasi, zilipitishwa faini za njano iliyokuwa chini kidogo ya sekunde 3, kiwango cha chini kinachotakiwa. Mkaguzi wa jiji alihesabu tiketi kama 77,000, thamani dola milioni 7.7. Sehemu ya kumi ya sekunde, wakuu.

Mimi mwenyewe nilipigwa picha nikikata kushoto. Nikarekodi taa ile kwa simu jioni tatu, nikahesabu picha moja moja, nikaenda kwenye shauri nikiwa na uhakika wa kushinda. Njano ilikuwa sahihi kwa kanuni. Nikashindwa, nikalipa. Lakini kitu hakikuniingia akilini: anayekata kona lazima apunguze mwendo, kwa hiyo anahitaji njano ndefu zaidi kuliko anayekwenda moja kwa moja. Fomula ile haikumfikiria.

Kumbe palikuwa na mtu hapa hapa Oregon aliyeliona kabla yangu. Mats Järlström, mhamiaji kutoka Sweden, mke wake alipigwa picha Beaverton mwaka 2013. Akaifanyia kazi hesabu hiyo, akawaandikia wakubwa. Bodi ya wahandisi ya jimbo badala ya kuikagua hesabu ikampiga faini ya dola 500 kwa kujiita mhandisi bila leseni yao. Akaenda mahakama ya shirikisho akashinda, na mwaka 2020 taasisi ya wahandisi wa barabara ikatoa mwongozo mpya unaowahesabu wanaokata kona. Mgeni mmoja, na karatasi zake. Nikikumbuka nilivyokata tamaa baada ya shauri moja, naona haya.

Na Mzee Dereva, kuhusu kama kamera zinaokoa: utafiti wa serikali kuu wa 2005 uliona ajali za kugongwa ubavuni, kama ya mama, zilipungua kwa takriban asilimia 25 palipowekwa kamera, na za kugongwa nyuma zikaongezeka kama asilimia 15 kwa sababu watu wanakanyaga breki ghafla. Za ubavuni ndizo zinazovunja watu nyonga. Kwa hiyo siwezi kusema ni bure. Nasema: pangeni njano vizuri kwanza, halafu mlete kamera.

Mama Tumaini (Maryland)

Jamani mimi naziunga mkono, nina watoto wanaovuka barabara kwenda shule. Ila lazima niwe mkweli kuhusu Baltimore. Mwaka 2012 gazeti la Baltimore Sun lilionyesha video ya gari lililosimama kwenye taa nyekundu, halisogei, na bado kamera ya mwendo imeliandikia kosa la mwendo kasi, maili 38 kwa saa penye 25. Mwaka uliofuata jiji likazizima zote. Halafu 2014 jimbo likapiga marufuku kulipa kampuni kwa kila tiketi. Hapo ndipo ilipotakiwa kuanza tangu siku ya kwanza. Anayelipwa kwa tiketi hawezi kutamani tiketi zipungue, hata akiwa mtu mwema.

Kipepeo (Dubai)

Huku hakuna mjadala. Taa nyekundu ni dirham 1,000, alama 12 na gari linazuiwa siku 30. Mimi dereva wa watu, siku 30 bila gari ni mwezi bila mshahara. Watu wanasimama, nawaambia. Lakini hakuna anayeuliza njano ilikuwa sekunde ngapi.

Kijana wa Kimara

Sisi Dar tuna trafiki na tochi ya kupimia mwendo, anajificha kwenye kichaka, faini shilingi 30,000. Angalau huyo ni mtu, unaweza kuongea naye. Kamera utaiambia nini?

Mama Tumaini

Mwanangu, huko kuongea ndiko kulikotuumiza. Mwenye elfu tano mfukoni anaongea, asiyekuwa nayo anaandikiwa. Kamera haijui wewe ni mtoto wa nani.

Mwanalindi

Mama, hapo nakuelewa, lakini Chicago imenifundisha kwamba hata kamera inajua unakaa wapi. Shirika la habari za uchunguzi la ProPublica walichambua faini za kamera za 2015 hadi 2019, wakaona kaya za maeneo yenye watu weusi na Walatino wengi zilipata tiketi karibu mara mbili ya zile za maeneo ya wazungu. Barabara za huku kwetu ni pana, zimejengwa kama za kukimbilia, halafu kamera inakungoja mwisho wake. Na dola 100 usipoilipa kwa wakati inakuwa 200. Hadi katikati ya 2021, tiketi tano za kamera zisizolipwa zilitosha kufungiwa leseni Illinois. Nina mwenzangu wa kazini alifungiwa, akawa anapanda mabasi mawili kwenda kuwageuza wazee kitandani saa nne usiku, baridi ya Januari. Alikuwa amekata kulia, kama mimi.

Nimemwelewa Mzee Dereva na nimemwelewa Fundi Taa. Kwa hiyo sitaki tena kamera yangu ing'olewe. Nataka kujua mambo mawili: kabla haijawekwa, kona ile ilikuwa na ajali ngapi, na mkandarasi analipwa kwa hesabu gani. Sheria ya jimbo inaniruhusu kuomba nyaraka za jiji, na juzi nimetuma maombi kwa maandishi. Zikija nitaziweka hapa zote.

Kwa sasa nikifika pale nasimama kabisa, nahesabu hadi tatu, ndipo nakata. Wa nyuma wananipigia honi kila asubuhi.

Dereva Mstaafu

Wapige tu. Na hizo nyaraka zikija, nitumie na mimi.