Askofu Hannington alishapita huku kwetu, kwanini mara ya pili akapitia Busoga?

NyakatoVijana: Wakuu habari za jumapili. Tarehe 29 Oktoba ni kumbukumbu ya Askofu James Hannington, yule mmisionari Mwingereza wa Anglikana, na mimi ndo nimepangiwa kuongea na vijana kanisani. Mara ya kwanza, 1882, alitokea Zanzibar akaja mpaka Msalala na Kageye, yani hapo Magu tu kusini mwa Ziwa Victoria, akielekea Uganda. Sasa kama njia ya huku alishaijua kwanini 1885 akapita Umasaini na Busoga, mashariki mwa Uganda, ambako ndo akauawa? Vijana ukiwaambia alikufa shahidi ukaishia hapo hawakuelewi.

MzeeKirumba: Mkuu njia ya huku nusura imzike. Alishikwa na kuhara damu pamoja na homa, Uganda hata hakuifikia, akarudishwa pwani amebebwa kwenye machela na 1883 akarudi kwao Uingereza. Akapona, Juni 1884 akawekwa wakfu kuwa askofu, Januari 1885 huyo Mombasa. Wakati huo mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alikuwa ameshapita Umasaini akatoka mzima, kule kuna baridi, homa ni chache, kwahiyo mimi simlaumu hata kidogo. Kilichomuua ni siasa. Baganda waliamini toka zamani kwamba atakayewateka nchi atatokea mashariki, halafu Wajerumani nao ndo wameanza kujitwalia ardhi huku kwetu, na Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, ni kijana mdogo ana mwaka mmoja tu kwenye kiti, anasikia mzungu mkubwa anaingilia mlango wa nyuma na msafara! Mmisionari Alexander Mackay aliyekuwa Buganda alijaribu kumpelekea Hannington onyo lisimfikie. Chifu Luba wa huko Busoga akamfungia kama siku nane hivi, anaumwa lakini shajara anaandika kila siku mpaka ile siku ya mwisho.

DadaIgoma: Naomba usiwasahau wapagazi, hili huwa linaniuma sana. Karibu watu 50 waliuawa pamoja naye na kwenye mahubiri unasikia jina la askofu peke yake. Halafu kuna William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, Hannington mwenyewe alimpa ushemasi 1885. Aliachwa Mumias, magharibi mwa Kenya, na sehemu kubwa ya msafara, zikaja habari kwamba wenzao wameuawa, yeye ndo akawaongoza waliobaki kurudi mpaka Rabai, karibu na Mombasa, kwa miguu. Ule ni uongozi jamani, na vijana wetu wanatakiwa wamjue.

Mkerewe_halisi: Mzee Kirumba yuko sahihi kuhusu njia. Askofu aliyemfuata, Henry Parker, alipita kusini na hakuvuka ziwa, homa ilimuua Usambiro, kusini mwa ziwa, Machi 1888. Mackay naye akafia hapohapo Februari 1890. Na kingine NyakatoVijana, Hannington aliguswa kuja Afrika aliposikia wamisionari Smith na O'Neill wameuawa Ukerewe Desemba 1877, kabla ya hapo alikuwa na parokia yake huko Sussex ametulia kabisa. Watu wa kanda ya ziwa hatuisemi hiyo habari kabisa wakati ilianzia kwetu. Mifupa yake iko Namirembe, kwenye kanisa kuu la Anglikana Kampala, ilizikwa tarehe 31 Desemba 1892, ukipata nafasi wapeleke vijana, Kampala siyo mbali kihivyo.

NyakatoVijana: Mungu awabariki sana. Basi nitaanzia Ukerewe halafu nifuate safari zote mbili. DadaIgoma, hao waliobaki na Jones walikaa Mumias muda gani kabla ya kupata taarifa?

DadaIgoma: Wiki kadhaa. Na waligoma kuondoka mpaka wapate uhakika, hilo usiache kulisema.