Wazazi wetu wanauziwa Melbourne ya uongo, na anayewauzia ni Mswahili mwenzetu

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu uachwe ulipo, msiuunganishe na ile mada ya viza.

Nina hasira tangu siku mama mdogo alipopanda ndege kurudi Dar. Nilitaka ninyamaze yaishe, lakini Desemba inakaribia na tangazo lile lile limeanza kuzunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp. Kuna mtu hapa Melbourne, Australia, Kiswahili chake kimenyooka, anakusanya wageni kutoka nyumbani na kuwauzia anachokiita "kifurushi kamili cha Melbourne". Jina simtaji, sheria za jukwaa nazijua. Wanaonunua ni akina mama na baba zetu waliokuja kuona wajukuu. Sisi watoto tuko kwenye zamu, wengi wetu tunahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, ruhusa haipatikani. Hapo ndipo anapotupatia.

Risiti ya mama mdogo ninayo. Kuna mstari umeandikwa "viingilio", na chini yake Royal Botanic Gardens, State Library na Shrine of Remembrance. Wakuu, sehemu zote tatu ni bure! Bustani ile ipo tangu 1846, unaingia getini kwa miguu yako na hakuna anayekuuliza kitu. Maktaba ilifunguliwa 1856. Unapanda hadi kwenye ule ukumbi wa kusomea wenye kuba kubwa uliofunguliwa 1913, unakwenda kutazama mavazi ya chuma ya Ned Kelly, yule jambazi aliyenyongwa mjini humu 1880, unatoka, hujatoa senti. Kilichoniuma zaidi ni Shrine. Ni mahali palipofunguliwa 1934 kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Paa lake lina tundu lililopimwa ili tarehe 11 Novemba, saa tano asubuhi, mwale wa jua ushuke juu ya jiwe la kumbukumbu lililo katikati ya ukumbi. Nchi nzima inapaheshimu. Yeye amepageuza duka, anawatoza wazee wetu kuingia!

Kuna na mstari mwingine: "usafiri wa tramu katikati ya mji". Tramu, yaani vile vitreni vinavyopita barabarani, katikati ya Melbourne ni bure tangu Januari 2015. Ile tramu namba 35 inayozunguka mji haimtozi mtu yeyote. Kadi ya nauli, myki, utaihitaji ukitoka nje ya eneo la bure, kwa mfano ukivuka mto kuifuata St Kilda Road. Mtu anayeishi hapa hawezi kusema hajui hilo. Anajua, na amewalipisha.

Halafu akawapeleka Queen Victoria Market siku ya Jumatatu. Soko lile lipo tangu 1878 na Jumatatu halifunguliwi. Wazee wakasimama nje, wakapigwa picha na ukuta, wakaambiwa "tumeshaona".

Sasa tuje kwenye Great Ocean Road, maana hapa ndipo pesa nyingi ilipoliwa.

Kwa ambao hamjafika: kinachouzwa pale ni barabara yenyewe. Kilomita 243, kuanzia Torquay hadi Allansford. Ilichimbwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa sururu na majembe, kwenye magenge yanayoning'inia juu ya bahari, na waliijenga kuwa kumbukumbu ya wenzao waliobaki huko. Ukipita unaona upinde wa mbao pale Eastern View, na karibu yake sanamu ya hao wachimbaji. Unapita Lorne, unapita Kennett River ambako watu husimama chini ya mikaratusi kutafuta koala waliolala juu, unafika Apollo Bay, kisha barabara inaiacha bahari na kuingia msitu wa Otway wenye miti mirefu na ukungu. Hiyo ndiyo safari. Zile nguzo za mawe zilizosimama baharini, Twelve Apostles (yaani Mitume Kumi na Wawili), ziko karibu na mwisho.

Huyu bwana alichofanya ni kuwapitisha wazee njia ya ndani, barabara kuu ya Colac, kwenda na kurudi. Njia ya ndani ni fupi, mafuta yanapungua, dereva anawahi. Kwa muda wa saa tatu hivi wazee wanatazama ng'ombe wa maziwa na nyaya za umeme. Mama mdogo aliponipigia jioni niliuliza, "Mama, bahari umeionaje njiani?" Akanijibu, "Bahari gani mwanangu? Tumeiona tuliposhuka tu."

Na waliposhuka kwenye hizo nguzo, Twelve Apostles, walipewa muda wa kwenda msalani na kupiga picha, basi, honi ikalia. Tangazo linasema "utaona Mitume wote kumi na wawili". Hawapo kumi na wawili na hawajawahi kuwepo tangu jina hilo lianze kutumika. Walikuwa pungufu ya hapo, na Julai 2005 nguzo moja yenye karibu mita 50 ikaporomoka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakitazama. Bahari inakula yale mawe ya chokaa kila siku, ndiyo iliyoyachonga na ndiyo itakayoyamaliza. Mgeni akielezwa hivyo anasimama, anatazama kwa macho mengine kabisa. Hawakuelezwa neno.

Dakika chache tu kwa gari kutoka hapo kuna Loch Ard Gorge. Mwaka 1878 meli ya Loch Ard ilivunjika pale ikiwa na watu 54. Walipona wawili tu, kijana Tom Pearce na msichana Eva Carmichael. Tom alimvuta Eva kutoka majini hadi kwenye ule ufukwe mdogo uliobanwa na majabali, kisha akaukwea mwamba kwenda kutafuta msaada. Mama mdogo amekulia Kilwa Kivinje, amezika ndugu waliochukuliwa na bahari. Angesimama pale akawaombea wale watu. Basi lilipita, halikusimama.

Siku nyingine wakawekewa Ballarat asubuhi na pengwini wa Phillip Island jioni. Tazameni ramani. Ballarat iko kaskazini magharibi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini. Phillip Island iko kusini mashariki, kama kilomita 140. Unampakiaje mtu wa miaka sabini na kisukari chake kwenye kibasi siku nzima hivyo? Pale Sovereign Hill, huko Ballarat, ule mji wa wachimbaji uliojengwa upya kuonyesha maisha ya dhahabu ya miaka ya 1850, mtu anahitaji siku. Unachekecha mchanga kijitoni, ukipata punje ya dhahabu unaondoka nayo. Wao ndiyo kwanza walikuwa wameshika karai, wakaitwa kwenye gari.

Na kwa pengwini waliahidiwa "selfie na pengwini". Kupiga picha pale ufukweni wanapotoka majini kumekatazwa kwa kila mgeni, kwa sababu mwanga unawatisha wale ndege, na ni viumbe wa sentimita 33 hivi, wadogo na waoga. Kiangazi jua linazama karibu saa tatu usiku, na pengwini hawatoki kabla ya giza. Kurudi mjini ni usiku wa manane. Hilo nalo wazee hawakuambiwa. Walikaa kwenye upepo wa kusini na khanga zao mabegani, hakuna aliyewaambia wabebe makoti.

Kuna jambo moja si la pesa, nalo limenikaa rohoni. Mwongozaji wake aliwaambia wageni kwamba kabla ya 1835, Wazungu walipoanza kujenga mji huu, hapa palikuwa pori tupu lisilo na mtu. Mwafrika anasema hivyo! Sisi tuliofundishwa darasani kwamba Speke "aligundua" ziwa ambalo babu zetu walikuwa wanavua! Kingo za Yarra, mto wa mji huu, ni ardhi ya Wawurundjeri, na wenyeji wa bara hili wameishi humu kwa zaidi ya miaka 50,000. Ndani ya Melbourne Museum kuna sehemu nzima, Bunjilaka, wanayosimulia habari zao kwa sauti zao wenyewe. Makumbusho hayo yako jirani kabisa na Royal Exhibition Building, lile jengo la 1880 ambamo bunge la kwanza la Australia lilifunguliwa 1901. Kwenye kifurushi "kamili" havimo vyote viwili.

Wanaojiandaa kupokea wazazi Desemba, nisikilizeni. Tangu Machi 2023 nauli ya siku ya treni za mikoani za V/Line imewekewa kikomo sawa na nauli ya siku ya hapa mjini. Ballarat mnakwenda kwa treni kutoka stesheni ya Southern Cross hapa mjini, saa moja na nusu hivi. Pwani mnachukua treni hadi Geelong, halafu basi la V/Line linalopita Lorne hadi Apollo Bay, na hilo linafuata bahari kweli. Mama akitaka treni ya makaa ya mawe, Puffing Billy inaondokea Belgrave, na Belgrave inafikika kwa treni ya kawaida ya mjini. Hiyo tiketi ni ya kulipia, inunueni wenyewe moja kwa moja, kama ya pengwini. Jumapili moja ya kupumzika zamu inatosha bustani, Shrine na maktaba, mkiwa na chapati zenu kwenye kopo.

Na wewe mwenye kifurushi, najua unasoma humu. Fedha za viingilio vya bure na za tramu zirudishe kwa kila mzee uliyemtoza. Nimeshaandaa malalamiko ya kupeleka Consumer Affairs Victoria, ofisi ya serikali ya jimbo inayotetea wateja, risiti ya mama mdogo imeambatanishwa. Wakuu ambao wazazi wenu walipita mikononi mwake, njooni PM na risiti zenu, futeni majina na namba za simu kwanza. Nataka tupeleke faili moja, kabla kibasi hakijajaa tena.