Grafu za mstari mnyoofu: mwalimu, wewe huzifundishaje? Tupeane uzoefu

Walimu wenzangu wa Nyanza, Magharibi na Nakuru, gredi ya tisa yangu wanajaza jedwali, wanatia nukta, wanaunganisha kwa rula, safi kabisa. Waulize mstari huo unasema nini: kimya. Mambo ya warsha nimeyasikia ya kutosha. Nani amejaribu kitu darasani kikashika?

Mwalimu wa Kondele: Mimi huanza na boda. Ukipanda tu ni shilingi 50, halafu 20 kwa kila kilomita (ni bei za ubaoni, msinipeleke stejini). Wanapata 70, 90, 110. Kisha namleta boda wa pili: hana ada ya kupanda, lakini kilomita ni 30. Hapo kelele zinaanza, nani nafuu? Wakichora, mistari inakatana kwenye kilomita 5, shilingi 150. Safari fupi mchukue wa pili, ndefu wa kwanza. Ndipo naandika y = mx + c, na hakuna anayeuliza c ni nini, ni ile hamsini, na m ni ile ishirini ya kila kilomita. Kuna kijana, babake ni mwendeshaji, aliniambia: "Mwalimu, boda haangalii kilomita, anaangalia viatu vyako." Darasa lilikufa kwa kicheko.

Madam wa Maseno: Sisi ikweta inapita hapa, kwa hivyo mhimili wa x tunao bure. Kakamega iko juu yake, chanya. Kisumu mjini iko chini kidogo, hasi. Baada ya hapo tunatoka uwanjani. Kamba mbili, alama za majivu, kila mtoto ana kadi ya x. Anakokotoa y = 2x − 1, anaenda kusimama. Aliyekosea anaonekana papo hapo, na wenzake ndio wanaomwita arudi kwenye mstari. Nikibadilisha −1 iwe 3, wote wanasogea hatua nne, mstari haupindi. Nikigeuza 2 iwe −2, wa kulia wanashuka, wa kushoto wanapanda, ni mbio tupu. Mwenye kadi ya sifuri anabaki pale pale akiwacheka. Huyo wanamkumbuka hadi mtihani.

Njoro: Jihadharini na jaribio la maji. Ukitoboa chupa chini na kupima kimo cha maji kila dakika, hupati mstari. Maji yakipungua shinikizo linashuka, yanatoka polepole, nukta zinapinda. Mteremko hasi, yaani mstari unaoshuka, utafute kwa mshumaa: pima urefu kila dakika tano, mbali na upepo. Unapungua karibu sawasawa.

Bungoma: Na ada za M-Pesa je? Wangu wanazijua kwa kichwa.

Njoro: Hizo ni ngazi, mwalimu. Ada haibadiliki mpaka uvuke kiwango, kisha inaruka. Wape wachore, lakini baada ya boda, wakishajua mstari wenyewe ukoje.

Aliyeanzisha: Madam, hiyo ya uwanjani naitaka. Lakini nina watoto zaidi ya sitini, na mvua ya alasiri huku mnaijua.

Madam wa Maseno: Toka nao asubuhi. Nusu wasimame, nusu wakae ngazini na madaftari wachore wanachokiona, kisha wabadilishane. Wa ngazini ndio huuliza maswali mazuri zaidi. Na kama nyasi zina umande, tumia chokaa, majivu hayaonekani.