Kuzunguka Bahari ya Baltiki kwa gari: feri zipi zikatiwe tiketi mapema?

Salaam wote,

Mwezi wa saba tunataka kuondoka Hamburg kwa gari letu, tupite Denmark na Uswidi, tuvuke kwenda Ufini, tushuke Estonia, Latvia, Lithuania na Poland, kisha turudi Ujerumani. Wiki tatu hivi. Tutakuwa watano: mimi na mke wangu, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kututembelea kwa viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zisizo na ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka kati yao). Ndugu yangu anayeishi Uingereza naye anataka kuungana nasi na gari lake. Naomba ushauri, hasa wa feri na karatasi.

—

> hasa wa feri na karatasi

Kaka, safari hiyo ipange kuanzia kwenye feri moja tu, ile ya Stockholm, Uswidi, kwenda Turku, Ufini. Nyingine zitajipanga zenyewe.

Puttgarden (Ujerumani) kwenda Rødby (Denmark) ni dakika 45 na feri huondoka karibu kila nusu saa, usiku na mchana. Hapo usijifunge na saa. Ukichelewa unapanda inayofuata, mradi tiketi yako inaruhusu kubadilisha. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi haziruhusu, kwa hiyo soma masharti kabla hujalipa. Helsinki kwenda Tallinn ni kama saa mbili, na safari ziko kadhaa kwa siku. Hiyo unaweza kuikata ukiwa njiani, ila usiiache hadi dakika ya mwisho kama unavuka wikendi.

Ya Stockholm ni habari nyingine. Ni safari ya usiku kucha, kama saa 11, na mwezi wa saba shule zimefungwa Uswidi na Ufini kwa pamoja. Kinachojaa kwanza si viti bali kabini na nafasi za magari. Kabini nyingi zina vitanda vinne na nyie mko watano, kwa hiyo hesabu mbili, na omba zipangwe jirani. Ukishapata tarehe hiyo, rudi nyuma: Malmö, kusini mwa Uswidi mtakapoingilia kutoka Denmark, hadi Stockholm ni zaidi ya kilomita 600, na kwa watoto na mzee mimi ningeigawa siku mbili. Angalia pia saa. Ufini iko saa moja mbele ya Uswidi, na tiketi huandika saa ya kila bandari. Mtu akitoa tu saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika, anadhani ana usingizi mrefu kuliko alionao.

(Mtashangaa meli kusimama visiwa vya Åland usiku wa manane wakati hakuna wengi wanaoshuka. Åland iko nje ya eneo la kodi ya ongezeko la thamani la Umoja wa Ulaya, na kituo hicho ndicho kinachoruhusu maduka ya melini kuuza bila kodi.)

Kama mtachoka kuendesha, ipo feri ya kutoka Travemünde, Ujerumani, moja kwa moja hadi Helsinki, kama saa 30. Unakosa Denmark na Uswidi yote, lakini mgongo utakushukuru.

Karatasi sasa. Nchi zote mtakazopita ziko Schengen, na watu wengi hudhani maana yake hakuna anayeuliza kitu. Ujerumani, Denmark, Uswidi na hata Poland zimerudisha ukaguzi wa muda kwenye baadhi ya mipaka yao ya ndani. Beba pasi halisi na kadi ya ukaazi halisi ya kila mmoja, watoto wakiwemo. Picha kwenye simu si karatasi. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180 kwenye nchi nyingine za Schengen, kwa hiyo wiki tatu hazina shida. Kama kadi inakaribia kuisha, ihuishe kwanza, ndipo ukate tiketi.

Mama mkwe ndiye wa kuangaliwa zaidi. Kwenye viza yake kuna vitu viwili: tarehe ya mwisho, na idadi ya siku anazoruhusiwa kukaa. Watu husoma tarehe na kusahau siku. Kinachomfunga ni kile kinachokwisha kwanza, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Hata kama viza ni ya kuingia mara moja, mzunguko wenu hautoki nje ya Schengen, kwa hiyo haimdhuru. Hakikisha pia bima yake ya matibabu, ile ya angalau euro 30,000, inafika hadi siku atakayopanda ndege kurudi.

—

Naongezea kidogo, dada yenu mpenda safari.

Pimeni gari likiwa na keria na mizigo juu. Feri huuliza urefu na kimo, na ukiandika kimo cha gari tupu halafu ukafika na sanduku kwenye paa, unaweza kupelekwa mstari mwingine na kudaiwa nyongeza.

Sitaha ya magari hufungwa meli ikiondoka, hakuna kurudi kuchukua kitu. Dawa za mama, chaja, sweta na nguo za kulalia ziwe kwenye begi moja la mkononi. Breki ya mkono juu, gari kwenye gia, alamu izimwe, la sivyo mawimbi yataifanya ipige kelele usiku kucha. Na mkifika bandarini mwambieni mhudumu kwamba mna mzee, ili mpakishwe karibu na lifti. Ngazi za kutoka sitaha ya magari ni kali.

Taa za mbele ziwake hata mchana katika nchi zote saba mtakazopita nje ya Ujerumani. Jioni Uswidi na Ufini endesheni taratibu, kuna kulungu wakubwa mno wanaovuka barabara. Na anayekunywa asishike usukani: Uswidi, Estonia na Poland kiwango ni gramu 0.2 kwa lita ya damu, yaani karibu hakuna.

—

Kwa huyo ndugu wa Uingereza: ukaazi wa Uingereza hauingizi mtu Schengen. Kama hana pasi ya nchi isiyohitaji viza, aombe viza sasa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Akipitia bandari ya Dover, Uingereza, kwenda Ufaransa, maofisa wa Ufaransa wanamkagua hapohapo Dover, kabla hajapanda. Kwa anayekwenda Hamburg ningemshauri feri ya Harwich (Uingereza) hadi Hoek van Holland (Uholanzi), analala melini na kuamkia karibu zaidi. Gari lake liwe na alama ya UK, kwani ile ya GB haikubaliki tena tangu Septemba 2021, na taa zibandikwe vizibo visimuumize macho anayekuja mbele. Aulize bima kwa maandishi: bima kubwa ya nyumbani wakati mwingine hugeuka kuwa ndogo ukishavuka maji.

—

Asanteni sana. Kabini mbili za Turku nimeshazipata, zinatazamana. Siku za mama zinatosha na zinabaki. Ndugu yangu ameanza maombi ya viza. Swali moja: mtoto mdogo hutapika hata kwenye basi. Hiyo ya usiku mawimbi yakoje?

—

Njia hiyo hupita katikati ya visiwa kwa sehemu kubwa, maji huwa yametulia. Sehemu ya wazi ni kati ya Uswidi na Åland, na hapo huenda atakuwa amelala. Kabini ya chini na ya katikati ya meli huyumba kidogo kuliko za juu mbele. Dawa muulize mfamasia kwa umri wake, na apewe kabla meli haijang'oa nanga, maana akishaanza kutapika haikai tumboni.