Komoro: tupeane uzoefu wa maji, bandari na langilangi

Jahazi_la_Kaskazi
Salamu wanajamvi, wakubwa shikamooni. Watu huizungumza Komoro kana kwamba ni kisiwa kimoja, ilhali chini ya serikali ya Moroni kuna vitatu, Ngazidja, Nzwani na Mwali, na kila kimoja kina jiografia yake. Uzi huu ni wa wenye ujuzi wa kazi: nyumba inapataje maji, mzigo unashukaje, mafuta ya langilangi, lile ua la manukato, yanapikwaje.

Naanza na fedha. Faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro: yuro 1 ni faranga 491.96775. Namba hiyo imetokana na mwaka 1994, faranga iliposhushwa kutoka 50 hadi 75 kwa faranga 1 ya Ufaransa. Zidisha 75 kwa 6.55957 utaipata. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Zanzibar au Dar apige hesabu kwa yuro. Akinunua kwa dola na kuuza Moroni kwa faranga, dola ikipanda dhidi ya yuro hasara inamwangukia yeye.

Fundi_Birika
Ngazidja haina mto hata mmoja. Mvua ni nyingi, lakini mawe ya volkano ni machanga na yana matundu, maji yanazama papo hapo. Moroni inapata maji ya visima vya Vouvouni. Ukichimba karibu mno na pwani unakuta maji ya chumvi. Vijiji vingi vinaishi kwa birika la mvua, yaani tangi la kujengwa, na birika likikosewa familia inateseka kiangazi kizima.

Hesabu ni hii. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 80 za mraba likipata milimita 10 ni lita 800. Toa humusi moja kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 640. Watu 6 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 120 kwa siku, na siku 120 za ukame ni lita 14,400. Jenga birika la ndani mita 3 kwa 2.5 kwa kina cha 2: lita 15,000.

Kabla ya kumwaga sakafu, gonga mwamba kwa nyundo. Lava ina mapango madogo chini. Ukisikia mlio wa uwazi, vunja ujaze mawe na zege, maana maji hayo yana uzito wa tani 15. Zege ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Lipu ya ndani ni 1 kwa 3 pamoja na dawa ya kuzuia maji, na kona zote za ndani zizungushwe kwa mwiko, kwani nyufa huanzia konani. Mwagilia siku 7 bila kuruka hata moja. Mchanga wa ufukweni msiutumie kabisa: chumvi inakula nondo, na fukwe za Komoro zimekwishaumia vya kutosha. Saga mawe ya volkano.

Mvua ya kwanza isiingie birikani. Weka bomba la wima la milimita 110 lililozibwa chini. Kila mita inabeba kama lita 8.5, kwa hiyo mita 5 zinakamata lita 40 za uchafu wa paa hilo. Chini weka kifuniko cha kufungulia baada ya mvua. Wengi wanalijenga bomba kisha wanasahau kulimwaga, likabaki limejaa na mvua inayofuata uchafu wote unapita juu yake hadi birikani.

Mlima_Karthala
Fundi, naongeza la majivu. Karthala, volkano ya Ngazidja, ilipolipuka mwaka 2005, mabirika mengi ya Ngazidja yaliharibika kwa majivu. Mlima ukianza kutoa moshi, chomoa bomba linaloingia birikani mara moja na funika mdomo wa birika. Paa lifagiliwe majivu yakiwa makavu. Yakilowa yanakuwa mazito na kushika kama saruji. Unganisha tena baada ya mvua kuliosha paa vizuri.

Kwa siku za kawaida: mililita 50 za dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, subiri angalau nusu saa. Wavu wa mbu uwe pia kwenye tundu la kufurikia, huko ndiko husahaulika.

Nahodha_Mstaafu
Mzigo. Meli kubwa haifungi gati Moroni, kina hakitoshi. Hutia nanga nje na mzigo huteremshwa kwenye tishari, chombo bapa cha kuufikisha ufukoni. Bandari ya kina ni Mutsamudu, Nzwani, na mizigo mingi huhamishiwa huko kwanza. Kila mkono unaougusa mzigo ni gharama na ni nafasi ya kuharibika.

Saruji ipangwe juu ya mbao, ifunikwe nailoni pande zote, chini pia. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, tishari husubiri bahari itulie na siku za meli huongezeka. Vifaa vya ujenzi vifike kabla. Nyaraka ziandaliwe kwa Kifaransa. Anayepeleka vifaa vya umeme akumbuke kuwa soketi za kule ni za matundu mawili ya mviringo; plagi zetu za miguu mitatu haziingii.

Mlangilangi
Langilangi hupikwa zaidi Nzwani, na sababu ni hayo hayo maji: maua huchemshwa, na mvuke wake wenye mafuta haupoi bila maji baridi yanayotiririka. Ua lichumwe alfajiri, liwe la njano lenye wekundu kwenye shina la petali. La kijani linashusha daraja la mafuta. Liingie mtungi wa kupikia siku hiyo hiyo bila kushindiliwa. Likikaa gunioni linapata joto, linageuka kahawia na harufu inakufa.

Kilo 100 za maua hutoa takriban kilo 2 za mafuta, kwa moto wa karibu saa 20. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo mazito na ya bei ya juu, yakusanywe chupa yake. Kosa kubwa ni kuwasha moto mkali mwanzoni: maji yanachemka hadi kuingia bomba la mvuke na kuchafua daraja lile la kwanza. Kuni nazo zinaliwa nyingi mno, misitu ya Nzwani inakwisha na vijito vinakauka. Jiko lililozungushiwa ukuta na kuwekewa bomba la moshi linapunguza kuni sana. Mwenye vipimo vya jiko hilo avilete hapa, tafadhali.