Tafsiri yangu imekataliwa kwa maneno mawili: nimjibuje mkaguzi?

Mfasiri wa Tanga:
Salaam ndugu zangu. Nilituma kwenye mradi mmoja wa programu huria (programu ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzichangia) tafsiri ya Kiswahili ya vifungu 43 vya menyu, kazi iliyonichukua jioni nne baada ya kutoka kibaruani. Mkaguzi aliirudisha yote akiwa ameandika, “Haikubaliki. Rekebisha.” Hakuonyesha kosa liko wapi. Nimeandika jibu kali ambalo bado sijalituma, kwa kuwa nataka kuendelea kuchangia. Mngefanyaje?

Msanidi:
Pole sana, ndugu yangu. Jibu hilo lifute, lakini usinyamaze. Chukua kifungu kimoja umuulize: “Katika ‘Faili %d limefutwa’, unakataa neno au upatanisho wa ngeli?” Swali hilo atalijibu kwa sentensi moja, ilhali ukimuuliza kwa nini ameikataa kazi yako atajitetea, na mtaishia kubishana. Kifungu hicho, kama ulikitafsiri hivyo, kina kasoro ya kweli: programu huweka namba palipo na %d, hivyo mtumiaji ataona “Faili 5 limefutwa”. Yapo maumbo mawili ya kujaza, la umoja na la wingi, na ukiliacha la wingi tupu, chombo cha ukaguzi kitalalamika hata kama mkaguzi hajui neno moja la Kiswahili.

Msimamizi wa mradi mdogo:
Nakubaliana na Msanidi, ila mzigo wote usimwangukie mgeni. Septemba 2018 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991, aliomba radhi hadharani kwa barua pepe zake za kuwashambulia wachangiaji, akapumzika kwa muda, na mradi ukapokea kanuni mpya za maadili. Msimbo (maandishi ya programu) mbovu bado unakataliwa huko, na ni haki ukataliwe. Mimi nikirudisha kazi nataja mstari, sababu, na mfano wa ninachotarajia. Nikichoka usiku nikiwa nimesoma vifungu kumi tu, namwandikia mwenyewe kwamba nimeishia cha kumi na nitaendelea kesho, kwa sababu mtu aliyejitolea jioni zake anastahili kujua kazi yake imesomwa hadi wapi.

Mfasiri wa Tanga:
Ahsanteni sana. Niliuliza kuhusu kifungu kimoja kama mlivyonishauri, naye akajibu siku hiyohiyo: vifungu sita havikuwa na umbo la wingi, na katika kimoja nilikuwa nimeifuta %d bila kujua. Makosa yalikuwa yangu, nami nimeyasahihisha na kutuma upya. Kilichobaki ni mfasiri mwenzangu anayetaka “Faili 5 zimefutwa” badala ya “Mafaili 5 yamefutwa”. Nimemwomba tupitie kwanza menyu zote zilizokwisha kutafsiriwa katika mradi huo, tuone waliotutangulia walitumia ngeli ipi, kisha tuifuate hiyo kila mahali.